Kipimo cha Dirishani

Kila asubuhi mambo yalikuwa yale yale. Mke wa seremala aliweka chai kwenye dirisha linalotazamana na karakana, akamwita mumewe mara tatu, kisha akagonga sinia kwa kijiko. Mume alikuja, akanywa wima, akarudi kwenye mashine yake ya randa. Maneno yao ya siku nzima yangeenea kiganjani.

Asubuhi hiyo, kabla hajagonga sinia, mashine ilinyamaza. Mumewe alitokeza akicheka, vumbi la mbao hadi kwenye kope.

"Mama watoto, njoo usikie kasha langu."

Alikuwa ameifunika mashine kwa kasha la mbao lililotandikwa sponji ndani. Akaiwasha. Ikavuma kwa upole. Moyo wa mke ulimruka. Kwa miaka sita alikuwa na hamu ya ile sauti nzito, ya chini, iliyomposa. Siku hizi, kwa kuzoea kelele za mashine, mume alijua kupayuka tu, hata wakiwa mezani, kama anaita mtu aliye ng'ambo ya mto.

Wakamwita jirani yao, mwalimu wa chuo cha ufundi. Juzi mwalimu huyo alikuwa amekuja na kipima sauti, akapata desibeli themanini na mbili pale dirishani. Leo kilisoma sitini na sita.

"Mwalimu, niandikie cheti," mume akatamba.

"Cheti gani? Mbao iko wapi?"

"Mbao ya nini?"

"Juzi ulikuwa unaranda. Leo mashine inazunguka bure. Ni kama mtu aliyejipima uzito na gunia begani, kesho akalitua, akasema amekonda."

Mke akacheka. Mume akaona soni.

"Badilisha kitu kimoja tu, kasha," mwalimu alieleza. "Mashine, mbao, kazi na mahali pa kupimia, vyote viwe vile vile. Pima bila kasha, pima na kasha, kisha toa namba ya pili kwenye ya kwanza."

Akachora alama ya chaki sakafuni, karibu na dirisha. "Tunapima hapa anapokaa msikilizaji. Kwanza zima mashine, tujue kelele za barabarani peke yake ni ngapi."

Hamsini na nne. Ilikuwa chini sana, haikuweza kuvuruga kipimo. Mume akaranda ubao bila kasha: themanini na mbili. Akaranda ubao wa aina ile ile na kasha: sabini na tisa.

"Tatu tu?" mke aliuliza.

"Tatu tu. Sikio halitaona tofauti kubwa."

Mke akaanza kufuta meza iliyokwisha kufutwa.

Mwalimu alizima umeme wa mashine, akaweka tochi ndani ya kasha. Mwanga ukachungulia chini, pembeni, na kwenye mlango wa kuingizia mbao. "Panapopita mwanga, na sauti inapita," alisema.

Siku tatu mume alishinda akiziba nyufa. Mlangoni mwa kasha alining'iniza vipande vya mpira wa baiskeli. Tundu la hewa hakuliziba, maana mota ingeungua. Alilijengea njia yenye kona, akaitandika sponji.

Mwalimu alirudi. Alama ile ile, ubao wa aina ile ile. Kipima sauti kikasoma sabini.

"Kumi na mbili zimepungua," mke alitoa hesabu mwenyewe.

"Kwa sikio, kelele iliyobaki haifiki hata nusu ya ile ya zamani," mwalimu alisema. Akamgeukia mume. "Lakini wewe unayesimama karibu, vaa vikinga masikio kila siku. Ukapimwe masikio pia. Yakishaharibiwa na kelele, hayaponi."

Kisha alivaa vikinga vyake, akaenda kuranda yeye, ili mume naye asikilize akiwa dirishani.

Wawili hao walisimama bega kwa bega. Mashine ilikuwa kazini.

"Baba watoto," mke alisema, bila kupaza sauti.

Mume aliinama kidogo. "Naam," aliitikia kwa ile sauti nzito, ya chini.

"Nimekukumbuka."

"Mimi? Si niko hapa kila siku?"

"Uko hapa kila siku," mke alisema, "na nimekukumbuka."