Mgeni Aliyerudi kutoka India

Jambo la kwanza lilikuwa jina. Tangu mtoto wao azaliwe, Alamin hakuwahi kumwita mkewe kwa jina lake. Alikuwa Mama Samsam, nyumbani hata sokoni. Sasa, siku chache baada ya kurudi kutoka India, aliinua kichwa kwenye kochi, sebuleni kwao Bondeni, akasema, "Fardosa, niletee chai."

Fardosa alileta. Alikuwa amechoka mno hata kuuliza. Ni yeye aliyeuza shamba lao la kule Bahati, aliyepiga magoti kwa ndugu na majirani wachange, aliyekaa kwenye korido ya hospitali moja ya kifahari huko India mumewe akipasuliwa moyo. Daktari alitoka amelowa jasho, akamwambia moyo ulisimama muda mrefu, wakakata tamaa, halafu ukaanza tena wenyewe. Fardosa alisujudu palepale sakafuni.

Chai ilikuwa bado inatokota. Alamin aliimaliza kwa mkupuo mmoja, wala hakushtuka.

Halafu ikaja harufu, kama ya kiberiti kilichozimwa, ikamfuata chumba hadi chumba. Kidonda cha kifuani hakikuoza wala hakikupona. Ijumaa alifika langoni mwa msikiti akageuka, eti viatu vinambana.

Mchana mmoja, Alamin akiwa amelala, Fardosa alimwekea sikio kifuani kusikiliza huo moyo walioununua kwa kila walichokuwa nacho, akangoja, akabana pumzi, akangoja tena, na badala ya mapigo akasikia nyayo, nyayo za mtu anayetembea polepole ndani ya nyumba isiyo na vyombo, zikienda, zikirudi, hadi zikasimama karibu kabisa na sikio lake.

Alitoka nje kwa kunyata, akampigia simu Ustadh Sufyan, binamu yake Alamin.

"Shemeji, njoo," alinong'ona.

"Kwani anaumwa tena?"

"Haumwi. Hilo ndilo linaloniogopesha."

Sufyan alifika baada ya alasiri, akamwekea Alamin mkono kichwani, akaanza kumsomea Kurani. Alamin hakupiga kelele wala kujitupa chini. Alisema tu, kwa sauti ya msafiri aliyechoka:

"Sikumuua. Alikuwa ameshatoka. Nilikuta mlango uko wazi, nikaingia."

"Toka," Sufyan alisema.

"Nikitoka, mtazika." Macho yakamgeukia Fardosa. "Nimetangatanga sana. Niache nikae. Nitafungua duka, nitamsomesha Samsam. Nani atajua?"

Hakuna ambaye angejua. Fardosa alimfikiria binti yao, alivyomrukia babake kule uwanja wa ndege akicheka na kulia. Aliwafikiria watu waliochanga. Alikuwa amechoka kiasi kwamba neno "kaa" lilikuwa tayari mdomoni.

"Na mume wangu yuko wapi?" aliuliza.

Kile kitu kikaelekeza kidole mlangoni.

"Yuko nje. Hawezi kwenda mpaka mwili uzikwe. Ananifuata kila ninapokwenda, anaomba arudishiwe."

Fardosa alitazama mlango. Hapakuwa na mtu. Hata hivyo alijifunika uso kwa mtandio, akalia kidogo, akapangusa machozi.

"Soma, shemeji."

Sufyan alisoma, na kadiri alivyosoma ndivyo vioo vya madirisha vilivyotetemeka, na ile harufu ikapanda ikawaziba koo, na kidonda kikavu kikaanza kutoa damu nyeusi, nzito, hadi kitu kikapita katikati yao kama upepo wa joto, mlango ukajibamiza, na Alamin akaanguka kifudifudi kwenye mkeka.

Jirani zao walimwosha asubuhi yake. Walikawia. Hatimaye mzee mmoja wao alitoka, kitambaa puani, akamwita Fardosa pembeni.

"Mama, mnasema amefariki jana? Huyu ana wiki nyingi."

"Najua," Fardosa alisema. "Mvisheni sanda taratibu, mzee. Ametembea sana."