Robota Lililokunywa Maji

Itangazwe kwa wote, waliosoma na wasiosoma, kwamba siku ile ilikuwa siku ya sayansi kulishinda jasho! Hivyo ndivyo binti mmoja wa darasa la sita alivyowahutubia kuku asubuhi, akiwa amesimama juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kisha mama yake akamwambia ashuke, ndoo inatakiwa kwa kukamulia. Sayansi ikasubiri ng'ombe wamalize.

Nyumbani walimwita Mhandisi. Hakuwahi kutengeneza hata kibiriti, lakini kila aliporudi likizo kutoka shule ya bweni aliikuta nyumba nzima ikiendeshwa kimakosa, na hakuwa mchoyo wa ushauri.

Likizo hii kazi ilikuwa marobota. Nyasi zilikuwa zimekatwa, zikakauka, zikafungwa marobota madogo ya mstatili, kila moja kama sanduku la bweni lililobanwa kwa kamba mbili. Yote yalipaswa kuingia ghalani kabla mvua ya mwisho haijayakuta shambani, la sivyo ng'ombe wangekula hewa kiangazi kizima. Mwaka uliopita baba aliyabeba mwenyewe. Mwaka huu mgongo wa baba ulikuwa umegoma. Akiinama, lazima watu waende kumwinua.

Ndipo fundi wa mashine alipowaletea vitu viwili wavijaribu, wachague kimoja cha kufanyia kazi hiyo. Cha kwanza kilikuwa toroli ya magurudumu mawili, pamoja na kulabu mbili za mkononi za kuvutia marobota. Cha pili kilikuwa mashine ya mkanda, ndefu kama ngazi, inayopandisha mizigo yenyewe mpaka juu.

"Toroli tutabaki nayo," baba alisema. "Mashine ni ya kuazima leo tu, jioni inaondoka. Tuanze na toroli. Ikiiweza kazi, mashine hatuihitaji."

Mhandisi aliitazama ile mishikio ya toroli, akajua itaishia mikononi mwa nani. Mashine ilikuwa na kitufe. Kubonyeza kitufe aliweza.

Kwa hiyo, watu wazima walipokuwa wakinywa chai na fundi, alilichukua robota lililotengwa kwa majaribio, akalimwagia maji ndoo baada ya ndoo mpaka likashiba, kisha akaligeuza upande mkavu ukae juu.

Mama alikuja akafunga kanga kiunoni, akachomeka kulabu, akavuta. Robota halikujibu.

"Hili ni robota au jiwe la msingi?" alihema.

Akavuta tena hadi likaingia kwenye toroli. Gurudumu moja likaanza kuyumba kama mlevi anayetafuta mlango wake, toroli ikalala ubavu.

"Poleni jamani," Mhandisi alisema kwa uso wa msibani. "Labda tujaribu mashine?"

Baba alitikisa kichwa. "Haya. Mashine."

Mashine ilinguruma, na Mhandisi akabonyeza kitufe kwa fahari ya rais anayezindua daraja. Fahari ilidumu kidogo tu. Fundi, mtu wa haraka mwenye mabega mapana, aliliinua lile robota la majaribio akalitupa kwenye mkanda pamoja na mengine.

"Hilo liache, fundi!" Mhandisi alipiga kelele.

"Kwani lina nini?"

Alifungua mdomo. Mama alikuwa akimtazama. Akaufunga.

"Halina kitu," alisema.

Robota likapanda, likapangwa katikati ya rundo, likafunikwa na mengine mpaka karibu na paa. Jioni mashine ikaenda zake.

Tangu hapo Mhandisi hakutoa ushauri hata wa chumvi. Kila siku aliingia ghalani akasimama mbele ya rundo. Marobota yote yalifanana kama mayai. Alilishika moja la chini akavuta kwa nguvu zake zote. Kamba ikamkata vidole, rundo likakaa vilevile. Alijiambia maji yatakauka. Lakini darasani walikuwa wamefundishwa kwamba nyasi mbichi zikibanwa pasipo hewa hupata joto. Alikuwa ameyaandika hayo kwa mwandiko mzuri, akapata vyema.

Aliyeleta habari alikuwa mdogo wake, mtoto wa mafua ya kudumu ambaye wote walimwita Pua.

"Mama, ghala linanuka uji ulioungua."

Baba alikuja na nondo ndefu, akaisukuma katikati ya rundo, akangoja, akaichomoa. Alipoishika ncha ikamchoma, akaitupa chini.

"Kuna robota bichi humu," alisema taratibu. "Likiendelea hivi litaoza na wenzake, au litawaka."

Akakaa kizingitini. Alikuwa mtu mrefu, lakini pale alionekana kama mtoto aliyeachwa sokoni.

"Kosa ni langu," alimwambia mama. "Niliwahi mno kuyafunga, hayajakauka. Na mashine imekwenda, na mimi mgongo ndio huu. Ng'ombe watakula nini, mke wangu?"

Mama alikaa kando yake kizingitini. Kuwaona wote wawili wamekaa hivyo ndiko kulikomvunja Mhandisi.

"Baba, hukuwahi. Ni mimi," alisema. "Nililimwagia maji lile la majaribio. Nilitaka mashine."

Hata Pua aliacha kuvuta kamasi.

"Lete kulabu," mama alisema hatimaye. "Na toroli."

Kumbe mashine ile ilijua kupandisha tu; kushusha ilikuwa kazi ya mikono. Mama alipanda juu akayasukuma marobota chini, Mhandisi akayavuta kwa kulabu, akayapakia kwenye toroli iliyofungwa waya gurudumuni, akayatoa nje moja moja. Pua alikaa na ndoo za maji, tayari kwa moto. Baba alielekeza akiwa amekaa, akikunja ngumi kila robota lilipoanguka, kwa uchungu wa kutoweza kunyanyua hata moja.

Kabla jua halijatua walilifikia. Lilikuwa jeusi, lina ukungu mweupe, linafuka mvuke kama chungu. Marobota yaliyolizunguka yalikuwa yameharibika. Rundo lililobaki lilikuwa zima.

Mhandisi aliketi chini, viganja vimejaa malengelenge. Baba alimtazama.

"Mwanangu, kifaa huchaguliwa kwa kazi iliyopo na mikono iliyopo. Kutaka mashine si kosa. Ungesema, 'Baba, toroli itanichosha,' tungeongea. Lakini ulikifanya kipimo kiseme uongo, na sisi tukaamua kwa uongo huo. Mtu akidanganya kipimo, amewafumba macho wote wanaokitegemea. Umenisikia?"

"Nimesikia, baba."

"Vizuri. Kesho namrudishia fundi toroli yake. Mzigo inauweza, lakini gurudumu bovu vile! Nitamwambia mbele ya watu, asituletee uchakavu."

Hapa msimulizi amekamatwa, na hana budi kukiri: kuna jambo aliliruka pale kwenye chai, kwa heshima ya binti. Binti hakuliruka. Alisimama, akaingiza mkono mfukoni, akaweka kitu kwenye kiganja cha baba.

Ilikuwa nati ya gurudumu.

Baba aliitazama nati, akamtazama mama. Mama alishuka kutoka kwenye rundo, majani yamejaa kichwani, akanyoosha kidole.

"Geuza na mfuko wa pili."

Mhandisi akaugeuza. Ikadondoka washa, kile kipete cha chuma kinachokaa chini ya nati.