Matone Matatu ya Saa Kumi

Ndimu ndizo zilizowakutanisha. Sokoni asubuhi ile watu walikuwa wanapigana vikumbo, na kwenye meza ya ndimu lilibaki fungu moja tu la maana. Mkono wa mwanamume ukalishika huku, wa mwanamke ukalishika kule. Mwanamume alikuwa mchanganya vinywaji wa baa, na wateja walimwita Kijiko kwa sababu ya kijiko chake kirefu cha kukorogea, ambacho hakikutoka mfukoni hata siku ya mapumziko. Mwanamke alikuwa fundi cherehani, ndani ya gauni la bluu alilojishonea mwenyewe, tepu ya kupimia bado inaning'inia shingoni. Akamwambia kaka achukue tu. Kijiko akaligawa fungu katikati, na tangu hapo hakuwa mtu wa kujitambua tena.

Mwezi haukuisha, Fundi akawa anapita baa kila saa kumi alasiri, kabla haijafunguliwa, viti vimepinduliwa juu ya meza. Siku ya kwanza tu alimweleza wazi: pombe ilishamla. Ilimlia duka, ikamlia ndoa, na mwisho dada yake mkubwa akaja akamchukua binti yake wa miaka sita. Dada alitoa sharti moja: mwaka mzima bila hata tone, na mtoto atarudi. Miezi saba ilishapita. Sasa mtu wa namna hiyo anafuata nini baa? Alimfuata Kijiko, usiniulize zaidi.

Na Kijiko alimstahi. Kabla hajafika, chupa zote za pombe kali alizigeuzia ukutani. Akamtungia kinywaji chake peke yake: ndimu, shira ya tangawizi, nanaa iliyopondwa kidogo, maji ya soda, na mwisho, kutoka kichupa kidogo cheusi, matone matatu machungu ili utamu usimkinaishe. Fundi akinywa hufumba macho. Alikuwa akisema hakuna kinachomtuliza duniani kama saa kumi, na Kijiko kichwa kikamvimba.

Mwezi wa kumi na moja wa sharti lile, ulimi ukamponza Kijiko. Fundi alikuja na sare ya shule ya mtoto, ameimaliza kushona, akaikunjua juu ya kaunta aoneshe vifungo. Akamtania kwamba ni mchoyo, maana kinywaji hicho akikijaribu nyumbani hakipati ladha ileile.

"Ni hiki kichupa, mpenzi," Kijiko akasema. "Magome na mizizi, inalowekwa wiki nzima kwenye..."

Akakifunika kichupa kwa kiganja.

"Kwenye nini?"

Fundi alikichukua kichupa, akakifungua, akanusa mara moja. Mtu aliyelewa miaka minane hana haja ya kusoma lebo.

"Ni matone matatu tu, Fundi. Sisi huku hatuyahesabu kama pombe, ni kama chumvi kwa mpishi. Haki ya Mungu, halikunijia akilini."

Na ni kweli halikumjia. Miaka kumi na miwili nyuma ya kaunta, mkono wake ulikitikisa kichupa kile bila kumwomba ruhusa. Fundi aliikunja sare polepole, pindo juu ya pindo, akaondoka bila kugeuka.

Kijiko akapiga simu wee, ikaita mpaka akaona haya. Siku ya tatu alivaa shati la pasi, akaenda kwa dada mkubwa. Akamwambia, shemeji, kosa ni langu, mdogo wako hakujua, miezi yake msimfutie. Dada alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamjibu kwamba Fundi alishakuja mwenyewe, akasema kila kitu. Yeye dada alikuwa tayari kulipuuza. Aliyetaka mwaka uanze upya ni Fundi. Kijiko alirudi nyumbani kwa miguu, haelewi kitu.

Wiki iliyofuata, saa kumi, Fundi akaingia. Amekonda, gauni la bluu linampwaya. Akaomba kinywaji kilekile, bila matone. Akanywa mafunda mawili, macho wazi.

"Kizuri," akasema, akaiweka glasi ikiwa nusu.

"Dada alisharidhia. Kwa nini ujinyime mtoto mwenyewe?"

"Kwa sababu nilikuwa nakimbia, Kijiko. Ikifika saa tisa na nusu mkono unatetemeka kwenye cherehani, nafunga kazi, nakimbia kuja hapa. Njiani nacheka peke yangu, nasema kumbe kupenda ndiko huku." Akaitazama glasi. "Sasa sijui nilikuwa nakimbilia nini."

Kijiko akasema ataacha baa, atauza hata hizo ndimu. Fundi akatikisa kichwa.

"Usiache kazi yako. Usinipigie simu. Mwaka ukitimia nitajipima mwenyewe. Nikikuta bado nakutaka, basi ni wewe niliyekuwa nakukimbilia, si matone, nitakuja."

"Na usipokuja?"

"Utakuwa umejua na wewe."

Akaichukua sare kutoka mkobani, akaigeuza upande wa ndani, akasema anakwenda kushusha pindo, kwa sababu mwakani mtoto atakuwa amerefuka. Akairudisha mkobani. Akatoka.

Mwanamume akabaki na glasi ile. Miaka kumi na miwili alishawasikia wateja wengi wakisema kizuri na kuacha nusu. Akaonja kilichobaki, na kweli, hakikuwa na ladha. Akakinywa chote, akasuuza glasi, akaanza kushusha viti.