Kipimo cha Wambeti

Kila alfajiri kabla ya shule, Wambeti alimsaidia baba yake kufunga mikebe ya maziwa kwenye pikipiki. Mzee Gitari alikusanya maziwa ya majirani na kuyapeleka sokoni Kianjokoma. Huko lori la kiwanda halikumngoja mtu, na maziwa yaliyoachwa yalichacha.

Shokomzoba za nyuma zilikuwa zimekwisha. Zilivuja oili, na kila shimo la barabara lilimwingia Gitari mgongoni. Alikuwa akirudi nyumbani ameshika kiuno, hataki hata chai.

"Kesho unipimie shoki, tuagize mpya," alimwambia Wambeti Jumatano. "Kutoka tundu la juu mpaka la chini. Lakini mikebe iwe chini kwanza. Pikipiki ikiwa na mzigo, shoki hujikunja, na kipimo kinakuwa uongo. Mimi siwezi kuinama."

Asubuhi Wambeti alikumbuka wakati mikebe imeshafungwa. Kuifungua yote na kuifunga tena! Macho yalikuwa mazito kwa usingizi. Akapima hivyo hivyo.

"Sentimita thelathini na moja, baba."

"Ulitoa mzigo?"

"Ee, nilitoa."

Gitari akampigia simu dada yake Kanini, anayefanya kazi Embu mjini, amnunulie. Shokomzoba mpya zilifika Jumamosi. Fundi Mugendi alifungua zile kuukuu, akailaza moja kando ya mpya juu ya gunia. Mpya ilikuwa fupi kwa upana wa vidole viwili.

"Mzee, hii itaingia," Mugendi alisema, "lakini ukipakia maziwa, gurudumu litasugua madigadi. Nani alipima?"

Gitari aliketi polepole juu ya jiwe. "Ni mimi nilikosea. Siku hizi nikichoka, hata nambari sisikii vizuri."

Wambeti aliona aibu mpaka masikio yakawaka. "Si wewe, baba. Nilipima mikebe ikiwa juu. Nilikudanganya."

Mugendi akajifanya anatafuta spana.

"Kwa nini?" Gitari aliuliza.

"Nilikuwa nimechoka."

"Sisi sote tumechoka, mama."

Walituma shokomzoba moja kuukuu mjini iwe sampuli. Mwenye duka alikubali kubadilisha, lakini pikipiki ililala juu ya mawe hadi Jumatatu. Asubuhi mbili Wambeti alisukuma maziwa kwa wilbaro, viganja vikitoka malengelenge, baba akimfuata kwa miguu. Jumapili walilikuta lori limeshawashwa injini, dereva akinung'unika.

Jumatatu jioni, kabla Mugendi hajagusa spana, Wambeti alilaza kuukuu na mpya pamoja, tundu kwa tundu. Zililingana. Zilipofungwa, Gitari alikalia pikipiki, akanesanesa juu yake, akatabasamu kwa mara ya kwanza wiki hiyo.

"Maumivu ya mgongo nitayavumilia," alimwambia bintiye. "Lakini nikishindwa kuamini neno lako, itabidi nirudie kila kazi uliyofanya, na nguvu hizo sina. Ukichoka, sema umechoka. Nitakungoja."

Jumanne alfajiri alimwomba apime mnyororo, maana ulikuwa umelegea. Wambeti alishusha mikebe yote iliyokuwa imeshafungwa, mmoja mmoja, akapima.

"Umelegea vidole vitatu, baba."

Gitari alichukua spana akaanza kukaza. Hakuuliza mara ya pili.