Vitunguu vya Ijumaa

Sumari hakwenda Soko la Kilombero kutafuta mke. Alikuwa anakata njia tu, jiko la gesi la mteja begani, jasho likimtiririka, akiomba radhi kwa kila aliyemgonga. Ilikuwa Jumamosi saa nne asubuhi, soko limefurika, na mbele ya marundo ya vitunguu vya Mang'ola njia ilikuwa imeziba kabisa. Aliyeiziba ni msichana mrefu mwenye gauni la kitenge cha bluu na hereni za shanga. Alikuwa amechuchumaa, anapima vitunguu kimoja kimoja kiganjani, na muuzaji alishamchoka.

"Dada, naomba nipite. Jiko ni zito."

Msichana hakusogea. Alimtazama kuanzia viatu vya kazi hadi ovaroli iliyopauka, kisha akalitazama jiko. "Wewe ni fundi?"

"Ningekuwa mwizi ningekuwa natembea haraka zaidi."

Alicheka, na Sumari akasahau uzito wa bega. Msichana akamweleza kwamba jiko lake limeanza kutoa moto mdogo, kwamba akitia vitunguu mafuta yanapoa na vitunguu vinayanywa. Sumari akamwambia bila kuliona kwamba tundu la gesi limeingia unga. Kufikia saa tisa alasiri alikuwa amepiga magoti jikoni kwake Sakina, anazibua tundu hilo kwa waya mwembamba.

Jina lake lilikuwa Nasieku. Kwao ni Oldonyo Sambu, nyuma ya mlima, na kupika alijifunza katika jiko la hoteli moja ya watalii kabla hajaamua kupikia nyumbani. Watu waliagiza kwa simu: vitunguu vya duara, uyoga, vipande vya samaki, vyote vikichovywa kwenye rojo la unga na kukaangwa kwenye mafuta mengi. Jiko lilipowaka vizuri alimfukuza fundi jikoni, akafunga mlango, na baada ya muda akatoka na sahani.

Sumari alikuwa amekula bajia maisha yake yote, lakini hizi hazikuwa bajia. Ganda lilikuwa jembamba, limetuna, limejaa viputo vidogo, na lilivunjika mdomoni kwa sauti. Ndani kitunguu kilikuwa laini na kitamu. Na kulikuwa na uchachu kidogo kwa mbali, aliousikia akaupenda asijue ni wa nini.

"Unatia nini humu?"

"Siri ya jikoni, fundi. Nikikwambia utaacha majiko, uje unipokonye wateja."

Alirudi Ijumaa iliyofuata kuhakikisha jiko ni zima. Lilikuwa zima. Alirudi Ijumaa ya pili kuhakikisha tena, na ya tatu hakuona haja ya kudanganya. Alifika saa kumi na moja jioni, ameoga, amevaa shati la mikono mirefu, na sahani yake ilikuwa tayari mezani. Nasieku alimwita "fundi wangu" mbele ya majirani. Sumari alimwita "mama vitunguu" wakiwa wawili, na kwenye simu alimwita majina ambayo mafundi wenzake wangemcheka mwaka mzima. Alimpenda. Alijua hivyo, na jambo hilo lilimtia hofu, kwa sababu yeye hakuwa peke yake.

Ilianza mwezi wa pili wa Ijumaa hizo. Alikuwa karakanani kwake Ngarenaro, mchana kweupe, redio imezimwa, akasikia mluzi. Mara mbili mfululizo, kimya kidogo, kisha mara moja. Bisibisi ilimtoka mkononi. Ndivyo kaka yake, Eliasi, alivyokuwa akimwita kutoka shambani walipokuwa wadogo kule Akheri, na hakuna mwingine aliyepiga mluzi namna ile. Eliasi alikuwa amekufa miaka minne iliyopita.

Alijiambia ni ndege. Siku tatu baadaye akausikia bafuni. Wiki iliyofuata alisikia harufu ya koti la ngozi lililolowa mvua, koti alilozikwa nalo Eliasi, na harufu ile ikakaa chumbani asubuhi nzima na madirisha yote yako wazi. Kisha Nasieku akampigia simu adhuhuri moja, wakawa wanamcheka mteja aliyetaka vitunguu bila vitunguu, na katikati ya kicheko msichana akanyamaza.

"Nani anapiga mluzi huko kwako?"

Sumari aligeuka. Karakana ilikuwa na majiko tu. "Hakuna mtu, mpenzi," alisema.

Hapo ndipo msomaji anapaswa kujua alichokijua Sumari. Miaka minne nyuma, ndugu hao wawili walitoka harusini Makumira kwa pikipiki, mvua inanyesha. Eliasi hakuwa ameonja kitu, alikuwa kwenye dozi ya dawa. Sumari alikuwa amelewa, na akang'ang'ania kuendesha kwa ubishi wa walevi, na chupa aliyotoka nayo alimtia kaka yake mfukoni amshikie. Kwenye kona yenye utelezi pikipiki ikawaangusha. Waliofika walimkuta Eliasi amekwisha kukata roho, chupa imevunjika mfukoni, koti lake linanuka bia. Mama yao aliuliza swali moja tu: nani alikuwa anaendesha? Na Sumari, damu usoni, alijibu neno moja: kaka.

Basi Eliasi akazikwa kama mlevi aliyejiua kwa pombe yake na nusura amuue mdogo wake. Siku ya tatu baada ya maziko mama alitoa nje chungu alichokuwa akipikia pombe ya ndizi, akamsimamisha Sumari mlangoni, akakivunja mbele ya miguu yake. Alisema pombe isipite tena kooni kwa mtoto aliyembakia, na ikipita, aliyekufa aje mwenyewe amuulize. Wazee wa kanisa walimjia juu, kwamba Mkristo havunji chungu. Aliwasikiliza, akawapa chai, na hakuyafuta maneno yake. Kule kwao mlimani kila mtu anajua chungu kikivunjwa kwa makusudi, laana iliyotamkwa juu yake haiishii hewani.

Sumari hakugusa pombe tena, hata kuramba. Ndiyo maana hakuelewa kwa nini Eliasi anakuja.

Alielewa Ijumaa moja mteja alipoahirisha kazi, akafika Sakina saa kumi badala ya kumi na moja. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Nasieku alikuwa amempa mgongo, kitambaa cheupe kichwani, anaimba chini chini. Mbele yake bakuli la unga na chumvi, karai la mafuta linaanza kufuka. Alichukua chupa ya bia iliyotoka jasho kwa baridi, akaifungua, akaimimina yote ndani ya unga. Povu likapanda. Alikoroga mara chache tu, akayaacha madonge yalivyo, akachovya kitunguu.

"Tangu lini?" Sumari aliuliza.

Nasieku alishtuka, kisha akatabasamu. "Umenikamata. Tangu siku ya kwanza, fundi wangu. Ndiyo inayolifanya ganda litune. Ikiwa ya baridi sana na usipokoroga kupita kiasi..."

"Umenilisha pombe miezi mitano."

Alidhani ni utani, akamnyooshea kipande cha moto kwa uma. Alipouona uso wake mkono ulishuka wenyewe. Sumari hakugombana, hakupandisha sauti. Alitoka kama mtu aliyeitwa, na nyuma ya lango, kwenye uchochoro uliojaa jua la jioni, mluzi ulimpokea. Mara mbili, kimya, mara moja.

Nasieku alimpigia simu siku tisa. Hazikupokelewa. Aliandika kwamba anaomba radhi, kisha kwamba hajui anaomba radhi ya nini, kisha akaandika kwa hasira kwamba kama mwanamke anayegusa chupa ya bia hamfai mtu wa kanisani, basi angemwambia mapema, asingepoteza vitunguu. Sumari alizisoma zote. Alikaa na majiko yake, hali, halali vizuri, na kila akiinua kichwa aliona mlangoni mtu aliyetoweka sekunde ile ile. Alimkumbuka mno msichana. Lakini angemwambia nini? Kwamba marehemu anamfuata kwa sababu ya rojo la vitunguu?

Siku ya kumi Nasieku alikuja karakanani mwenyewe. Alikuwa amevaa sketi nyeusi na sweta la kijivu, bila hereni, na macho yake yalionyesha hakulala. Alivuta ndoo, akaigeuza, akaikalia.

"Sitoki hapa mpaka uniambie. Ukitaka kuniacha niache, lakini uniache kwa sababu ninayoijua."

Sumari akamweleza habari ya chungu. Alimweleza kifo cha kaka yake, maneno ya mama, na mluzi pia, na koti. Nasieku hakucheka. Kwao pia watu wanaogopa maneno ya mama aliyefiwa. Alikiri amekosa. Alisema mtu anayempa mwenzake chakula hana haki ya kumficha kilichomo, na kwamba alificha kwa sababu nusu ya wateja wake ni wanakwaya, na baada ya kuwaficha wao akaona kumwambia yeye ni kujitafutia maneno.

"Nisamehe," alisema. "Lakini kuna jambo silielewi. Mama alisema akija atakuuliza. Anakuuliza nini?"

Sumari alishika jiko lililokuwa karibu.

"Miezi yote hii anakuja, hakupigi, hakutishi. Anakuita tu, kama alivyokuita shambani. Mtu akikuita hivyo ana neno. Ni neno gani?"

Hakuwa amewahi kulitamka, hata akiwa peke yake. Lilitoka vibaya, kwa vipande, na katikati yake alilia kwa sauti mpaka fundi wa redio wa jirani akachungulia na kurudi. Aliposema "ni mimi niliyekuwa naendesha," Nasieku alifumba macho.

Kisha alisimama, na Sumari akadhani anaondoka, akaona ni haki yake.

"Nakupenda," Nasieku alisema. "Sikuja huku kwa sababu ya majiko. Lakini sitaolewa na mtu ambaye mama yake analilia uongo. Twende Akheri Jumamosi. Nitakaa karibu yako, ila kusema utasema mwenyewe."

"Atanilaani."

"Inawezekana," alisema, akamfuta uso kwa mkono wa sweta.

Walifika Jumamosi kabla ya saa sita. Mlima ulikuwa umejifunika ukungu na migomba inadondosha maji. Mama yake, ambaye kijiji kizima bado kilimwita Mama Eliasi, alikuwa barazani anamenya ndizi za mchana, shuka la miraba mabegani. Nasieku alipiga goti kidogo, akamwamkia shikamoo. Mama aliitikia marahaba, akamtazama sana, akatabasamu kwa sababu mwanawe hakuwahi kumleta msichana nyumbani. Alianza kusema habari ya maziwa na kiti.

"Mama, usiinuke," Sumari alisema. "Uniulize tena lile swali."

"Swali gani?"

"La siku ile. Nani alikuwa anaendesha."

Kisu kilisimama. Mama hakuuliza. Alisubiri tu, na Sumari akasema, akianzia harusini, bila kujitetea, pamoja na chupa mfukoni mwa kaka yake, dawa alizokuwa akimeza, na neno moja alilosema na kwa nini alilisema. Alisema aliogopa mama asimpende. Nasieku alikuwa kando yake, mikono mapajani.

Alipomaliza, mama alimenya ndizi iliyokuwa mkononi hadi mwisho. Aliiweka kwenye maji. Alinyanyuka kwa kushika ukuta, akaingia stoo, akatoka na jembe, akawapita wote wawili bila kuwaangalia na kushuka migombani.

Kaburi la Eliasi lilikuwa pembeni, karibu na mibuni, na Sumari aliona haya kulitazama. Majani yalikuwa yamelimeza hadi kiunoni. Msalaba ulikuwa umelala. Makaburi ya babu na bibi pembeni yake yalikuwa yamesakafiwa na kupakwa chokaa, lakini la mlevi mama alikuwa ameliacha hivyo hivyo, miaka minne, na kila jirani alijua ni kwa nini.

Alilima peke yake, akihema. Sumari aliposogea kumpokea jembe alimsukuma kwa kiwiko. Nasieku alivua viatu, akapiga magoti upande wa pili, akaanza kung'oa majani kwa mikono, na yeye mama hakumzuia. Walifanya kazi hivyo wanawake wawili hadi udongo mweusi ukaonekana wote. Mama aliunyanyua msalaba, akaufuta kwa shuka lake, akaukumbatia kifuani kama anavyobebwa mtoto.

"Eliasi," alisema. "Baba yangu. Nilikuzika kwa hasira, na hukuwa na kosa."

Alilia hapo, muda mrefu, na hakuna aliyethubutu kumgusa. Wingu lilishuka mpaka kwenye mibuni, na hakuna mluzi uliosikika. Sumari alikuwa amesimama mbele ya watu wote aliowapenda, kila mmoja upande wake wa kaburi, na kwa mara ya kwanza tangu ajali ile hakuwa na kitu cha kuficha, wala mahali pa kujificha.

Hatimaye mama alijifuta uso na kumtazama.

"Nitakusamehe," alisema. "Lakini si leo."

Kisha akamnyooshea Nasieku mkono wenye udongo ili amsaidie kuinuka. "Na huyu binti asiende mbali," alisema. "Siku nikisahau kwamba niliahidi, anikumbushe."