Alichosema Thirza Jukwaani

Siku Thirza Prout alipokwenda sokoni Boston, alivaa gauni lake la kitani la kijivu, vifungo hadi kidevuni, na maringo yake yote. Muuza chaza, kijana mrefu aliyeitwa Ansel, alimtazama mpaka kisu kikamponyoka.

"Gauni zito hilo na jua lote hili, bibie?"

"Sivai pamba," Thirza akajibu. "Inachumwa na watumwa. Hata sukari sili. Na wewe ungekuwa na haya, hilo shati ungelivua."

"Nilivue hapa hapa? Wateja watakimbia." Kisha akainama, akashusha sauti. "Dada, pamba ya shati hili labda niliichuma mimi."

Thirza alinunua chaza bila hata kuuliza bei. Alikuwa mshonaji, mweusi aliyezaliwa huru, mwanachama wa chama cha kupinga utumwa. Watumwa aliwahurumia kila siku, lakini hakuwahi kutaniwa na mmoja wao. Kesho yake akarudi kununua chaza, na keshokutwa pia, ingawa kwao hakuna aliyezipenda. Baridi ilipoisha walikuwa wakitembea pamoja kila Jumapili kando ya mto, Ansel akimwita Kitani wangu.

Mapenzi yakamlevya. Akamsifu Ansel kwa mwenyekiti wa chama, mzee wa Kizungu mwenye moyo mwema na haraka nyingi. Watu wa chama walipenda sana mtumwa mtoro apande jukwaani, aeleze mateso yake, ukumbi ulie. Kufumba na kufumbua, matangazo yakabandikwa mji mzima kwamba Jumamosi atazungumza muuza chaza, mtoro kutoka Georgia.

Na sheria mpya ilikuwa imeshapita. Mtoro akikamatwa popote, hata Boston kusikokuwa na utumwa, anarudishwa kwa bwana wake. Ansel alipoliona tangazo aliacha mkokoteni palepale. Thirza alimkuta chumbani kwake amejifungia, shati limelowa jasho.

"Nilidhani utafurahi," Thirza akasema. "Nilitaka watu wote wakujue."

"Wamenijua. Mjini kuna wanaume wawili wa Georgia wanaosaka watoro. Sasa wanauliza muuza chaza ni yupi. Mara ya kwanza nilipigwa mnada na bwana wangu, Thirza. Mara hii umenipiga mnada wewe."

Thirza alilia, akapiga magoti kuomba msamaha. Ansel akamwinua. Hasira ilikuwa bado imemkaba, lakini hakuweza kumwachia mikono. Wakapatana kwamba saa ya mkutano, wale wawili wakiwa wanamngoja ukumbini, yeye atapanda treni ya kwenda Kanada, sheria ile isikofika, na Thirza atamfuata.

"Ila usijitokeze, kipenzi," akamwonya. "Wakijua wewe ni wangu, watakufuata mpaka kwangu."

Jumamosi alasiri ukumbi ulijaa. Wanaume wawili wageni walikaa karibu na mlango, kofia magotini, na Thirza aliketi nyuma yao. Muda ukapita, msemaji haonekani. Mmoja akamnong'oneza mwenzake, na Thirza akasikia waziwazi neno stesheni. Wakasimama.

Treni ilikuwa haijaondoka. Thirza akainuka, akapanda jukwaani. Hakuna aliyemwita, na mwanamke kusema mbele ya wanaume kuliwafanya wazee wagune.

"Ansel ni mchumba wangu," akasema. "Alipo ninapajua mimi. Kaeni, nitawaambia."

Wakakaa. Thirza akaeleza habari za soko na za chaza, akaeleza jinsi Ansel anavyocheka, na jinsi anavyolala na viatu miguuni kwa kuogopa kukamatwa. Alisema mpaka sauti ikamkauka na treni ikawa mbali, na alipo Ansel hakupataja. Aliposhuka, mmoja wa wale wawili alimtazama taratibu, kuanzia viatu hadi nywele, kama mtu anayekariri njia.

Jumatatu Thirza alifunga mzigo wake, akafungua mlango. Yule mtu alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara. Akamwinulia kofia kwa adabu.

Thirza akarudi ndani, akafunga mlango, akaketi sakafuni na kuanza kuufungua mzigo, akitoa nguo moja moja.