Nani Atampokea Steve?

— Allô, Papa Damien? Ni Consolate wa Kigoma. Ule Steve, hamujapata bado muntu wake?

Damien alikuwa na tonge la bukari mkononi, ndiyo maana simu aliiweka sauti kubwa. Mchumba wake Joëlle akaacha kupakua mboga ya sombe.

— Steve gani?

Damien akakata simu. Katika biro ya mkoa inayosaidia raia waliohamia ng'ambo ya ziwa, yeye ndiye mtafutaji wa familia, na Consolate ndiye mwenzake wa Kigoma. Aliyekwama kule hapandishwi meli mpaka mtu wa Kalemie aseme kwa mdomo wake kwamba atampokea.

— Steve gani, Damien?

— Ule wako.

Steve aliondoka akamwachia Joëlle ahadi ya ndoa, kisha akapotea kabisa. Joëlle alikuwa akija biro kumuulizia, akalia mbele ya Damien, na Damien akampenda hapo hapo.

— Unajua iko Kigoma tangu lini?

— Zamani, mbele familia yangu ije kwenu kujipresenter kwa uchumba.

— Ukawaambia nini kule?

— Nikasema hana muntu hapa.

— Na mimi niko nani?

— Niliogopa utaniacha, Joëlle.

— Ule muntu anangoja jina moja tu, na weye unakula kwangu.

Damien akarudisha tonge sahanini. Aliona aibu hata kunywa maji. Meseji ya Consolate ikaingia: "Réseau ya simu imekata. Steve anasema mutafute Joëlle wa mtaa wa Lukuga."

Joëlle aliisoma, akapiga mwenyewe.

— Mama Consolate, ni Joëlle. Nitamupokea.

Akamrudishia Damien simu yake.

— Ambia familia yako basikuje tena na mahari.

Siku meli ilipofika, Steve alishuka amekonda. Alimkumbatia Joëlle, kisha akampa Damien mkono.

— Banasema weye njo unatafutiaka watu familia. Aksanti sana, kaka.

Damien akamtazama Joëlle. Kumbe hakuwa amemwambia Steve lolote. Angeweza kuzipokea zile shukrani zikaishia hapo, lakini moyo ulimsuta vibaya.

— Usinishukuru. Ni mimi nilisema hauna muntu.

Steve akamwachia mkono pole pole.

— Juu ya nini?

— Alikuwa anataka kunioa, alijibu Joëlle.

— Na weye ulikuwa unataka?

— Ndiyo. Nilikuwa namupenda.

Aliinua begi la Steve, akajitwika.

— Twende. Mama amepika.

Damien alibaki na kazi yake. Akaita jina la msafiri aliyefuata, akageukia watu waliosimama pale, na kabla hajamaliza kuuliza nani anampokea, sauti ikamkatika.